Mtu wa Msimbazi

Nilipoingia Dar es Salaam sikuwa mgeni wa Kiswahili. Nilisoma mpaka darasa la saba, na kwetu, huko milimani kusini, kanisani tuliimba kwa Kiswahili na barua tuliandikiana kwa Kiswahili. Nikadhani nitafika na kusema kama watu. Maneno hayakunishinda. Kilichonishinda ni kujua mtu anataka nini anapoyasema, na hilo sikufundishwa na mwalimu yeyote. Sina hakika kama linafundishika.

Nilifikia Buguruni kwa dada yangu. Mumewe, yaani shemeji yangu, alikuwa kuli bandarini, mtu mwema mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Jioni ya kwanza, kabla sijamaliza kunawa, alinieleza mji. Alisema kuna msako wa wazururaji. Kijana asiye na kazi, au mwenye kazi asiye na barua ya kuionyesha, akikutwa barabarani anapandishwa lori na kupelekwa kijijini kulima, na si lazima kiwe kijiji chake.

"Shemeji," akasema, "mjini usimwambie mtu unakotoka wala unakokwenda. Ukiulizwa, jibu. Lakini usilitoe lenyewe."

Simlaumu. Jirani yake wa chumba cha uani alitoka asubuhi moja kutafuta mkaa, na habari zake zikasikika baada ya masika, kutoka shamba la mkoa ambao hajawahi kuuota. Mtu aliyeona hayo ana haki ya kuonya.

Na mimi tayari nilikuwa na kwetu kichwani. Kwetu mtu akishaanza safari haulizwi aendako. Bibi yangu akiulizwa njiani alikuwa akirudi nyumbani, anakaa kwanza kwenye kigoda, anakunywa maji, ndipo anatoka upya kana kwamba ile safari ya kwanza imeharibika. Niliyachanganya mawili hayo, la bibi na la shemeji, nikayatia mfukoni, nikaenda nayo kituoni.

Dada alikuwa amenipatia nafasi ya majaribio katika ushirika wa mafundi cherehani huko Mchafukoge. Kazi yangu ilikuwa kutia vifungo na kupinda mikunjo ya chini. Fundi mkuu, mzee wa Kizaramo mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, alinipokea kwa maneno machache sana. Alisema ataniangalia mkono na ataniangalia saa. Vyote viwili vikimridhisha, atamwambia katibu wa ushirika aniandikie barua ya kazi. Kimoja kikimchosha, nirudi nilikotoka. Mkono sikuuhofia. Bibi huyo huyo alikuwa amenifundisha sindano. Saa ndiyo iliyokuwa mikononi mwa basi.

Basi letu lilikuwa lile refu lenye kiungo katikati, ambalo watu waliliita kumbakumba. Nilikuwa napanda linapoanzia, kwa hiyo nilipata kiti, na kila asubuhi nilikaa dirishani upande wa kushoto, karibu na kile kiungo. Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza.

Kwanza nilishangaa jinsi watu wasiojuana walivyoitana. Kila mtu ndugu. Kondakta ni ndugu kondakta, aliyekukanyaga ni ndugu, anayekulalamikia kwamba umemkanyaga ni ndugu vilevile, na hapo neno linakuwa na meno. Mwanamke akipanda na mtoto hakuuliza nani atamsaidia. Alimpakatisha mtoto mtu yeyote aliyekaa, kisha akageuza uso upande mwingine kushika chuma. Mara ya kwanza nilipowekewa mtoto magotini nilikaa kama niliyewekewa kesi. Shemeji alikuwa hajanionya kuhusu watoto, lakini nilijionya mwenyewe. Nilimtazama yule mama bila kupepesa mpaka aliposhuka, nisije nikaachiwa. Mtoto naye alinitazama mimi. Nadhani ndani ya basi lile sisi wawili tu ndio tuliokuwa hatuaminiani waziwazi.

Lakini lililonitia hofu hasa ni swali. Watu waliulizana, "Unashuka wapi?" Waliuliza kimyakimya, kwa sauti ya chini, bila hata salamu. Aliyesimama alimwinamia aliyekaa, akauliza. Aliyekaa akajibu, Ilala, au Mnazi Mmoja, au mwisho. Aliyeuliza hakusema asante. Ama alibaki pale pale, amesimama juu ya kichwa cha mwenzake kama mlinzi, ama aliondoka akaenda kumwinamia mwingine. Nauli ya njia yetu ilikuwa moja popote ushukapo, hata kondakta hakuhitaji kujua. Sasa hawa walihitaji kujua kwa nini? Na mbona wengine, wakishajibiwa, hawabanduki?

Nilikuwa naandika mambo ya siku kila jioni, tabia niliyotoka nayo shule. Siku moja niliandika kwamba ndani ya basi kuna watu wa kuulizauliza, na kwamba wanagawana kazi. Nikaona nimevumbua jambo. Sasa nikiyakumbuka maandishi yale nasikia aibu kidogo, ingawa si yote niliyoandika yalikuwa uongo, kama nitakavyoeleza.

Mtu wangu mimi alikuwa akipandia Malapa. Alikuwa mtu wa makamo, suti ya mikono mifupi ya rangi ya majivu, imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mfukoni kalamu. Hakubeba kitu. Nilijiuliza mtu wa ofisini asiyebeba hata bahasha anafanya kazi gani. Asubuhi ya kwanza aliyoniona alisimama kando yangu, akashika chuma, akainama.

"Unashuka wapi, ndugu?"

Nikamwamkia kwanza, shikamoo, ili nipate nafasi ya kufikiri. Akaitikia marahaba kama mtu aliyeongezwa umri asiouomba. Kisha akasubiri. Kituo nilichokuwa nasikia kondakta akikitaja kwa sauti kubwa kuliko vyote, na ambako watu wengi kuliko kote walishuka, kilikuwa Msimbazi. Nilidhani mtu akijificha ajifiche penye watu.

"Msimbazi," nikasema.

"Haya," akasema, akasogea karibu zaidi.

Hapo ndipo nilipojifunga. Tulipofika Msimbazi yule bwana alinitazama. Akajibana pembeni ili nipite. Ningebaki, angejua nimesema uongo, na mtu wa kazi yake akijua umesema uongo anataka kujua na ukweli. Nikasimama. Nikashuka. Nilipogeuka nilimwona amekaa mahali pangu, uso wake dirishani, ananiangalia.

Kituo changu hasa kilikuwa mbele zaidi, Mnazi Mmoja; kutoka Msimbazi mpaka Mchafukoge ni mwendo. Si mbali kwa mtu anayetembea wima, lakini mimi sikutembea wima. Niliingia kwanza upande wa sokoni Kariakoo ili nipoteze macho yake, nikazunguka nyuma ya vibanda vya mchele, nikarudi barabara kubwa ya Uhuru kwa kichochoro kingine. Njiani foleni zilinizuia. Ilikuwa miaka ya foleni, na watu waliunga mkia kwanza ndipo wakauliza mbele wanagawa nini. Mwanamke mmoja aliwahi kunishika mkono akaniambia nisimruke, nisubiri zamu yangu kama wenzangu. Nilimweleza kwamba napita tu. Alinijibu kwamba wote hupita tu mpaka sabuni itokee. Sikuweza kumlaumu yeye pia.

Nilifika kazini natoka jasho, na mashine zilikuwa zimeshaanza kulia. Fundi mkuu alitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi, akarudi kwenye kitambaa chake.

Ningeweza kesho yake kukaa mahali pengine. Nilijaribu. Nilikaa nyuma kabisa, mwanamke mmoja akaniinamia kuniuliza. Alikuwa mama mnene wa makamo mwenye beseni tupu la bati, aliyekwenda Feri kila asubuhi kununua samaki wa kukaanga. Nilipomwamkia aliitikia vizuri, akaniita mwanangu, na kwa kuwa aliniita mwanangu nikaona aibu kumpa uongo mpya. Nikampa ule wa jana. Msimbazi. Na yule bwana wa kalamu, ambaye alikuwa amesimama mbele kidogo, akageuka akasema, "Huyo ni wa Msimbazi huyo," kana kwamba ananikabidhi.

Basi jina likanishika. Baada ya hapo hata kondakta, tukikaribia, alikuwa akigonga bati la basi na kuniambia ndugu Msimbazi jiandae. Mama wa beseni aliniuliza habari za Msimbazi. Je, maji yalitoka jana? Nami sikujua kama Msimbazi maji hutoka ama hayatoki. Nilijibu, "Kidogo." Akasema hata Buguruni kidogo. Nikaona amenitaja Buguruni makusudi. Labda alikuwa akieleza tu kwake. Siwezi kusema kwa hakika, na sikuweza wakati ule.

Kuna jambo jingine niliandika, na hili nalirudia kwa sababu nililiona kwa macho yangu. Mahali nilipokaa mazungumzo yalipungua. Watu wakizungumza habari za sukari, nani kaipata na kwa mlango gani, wakinitupia jicho walishusha sauti, kisha wakahamia habari za mvua. Siku moja mzee mmoja alikuwa akieleza jinsi shemeji yake wa duka la ushirika anavyomwekea kanga, mwenzake akamgusa goti na kunionyesha kwa kidevu. Mzee akasema kanga zenyewe hata hazina rangi, na hapo yakaisha. Nikaona ndiyo hayo. Wanajua kitu juu yangu. Wamejulishana.

Nyumbani nilimweleza shemeji. Aliniuliza yule bwana ana kalamu ya rangi gani. Nikasema sikumbuki, labda ya fedha. Akatikisa kichwa kama daktari, akasema niendelee hivyo hivyo, nisibadilishe maneno, maana mtu anayebadilisha maneno ndiye anayekamatwa. Dada alikuwa akichagua mchele. Alisema pengine mtu wa watu anataka kukaa. Shemeji akamwambia haya mambo si ya mchele. Tukacheka mimi na shemeji. Dada hakurudia.

Huko kazini fundi mkuu aliacha kuitazama saa. Hilo lilinitisha kuliko alipokuwa akiitazama. Vifungo vyangu alivigusa, akavuta uzi, haukukatika, akaguna. Lakini jioni moja, wenzangu wakiwa wanafunika cherehani, aliniita mlangoni. Alinieleza bila ukali kwamba katibu ameuliza habari yangu, na yeye hana la kumjibu, kwa kuwa mkono wangu ni mzuri na miguu yangu haiji.

"Kesho nafungua mimi," akasema. "Nikifungua nikukute hapa nje. Nikikuta nje hakuna mtu, basi nami sitakuwa na mtu."

Sikulala vizuri, lakini hayo si ya kueleza. Asubuhi mvua ilikuwa inanyesha. Nilipanda basi, nikakaa mahali pangu pa dirishani, na njia nzima nilikuwa napiga hesabu moja tu. Nikishuka Msimbazi na mvua hii na foleni zile, mzee atafungua atakuta ukuta. Nikishuka Mnazi Mmoja, navuka tu, nimefika. Lakini nitakuwa nimetoboa siri yangu mbele ya yule bwana.

Alipanda Malapa kama kawaida, suti imelowa mabegani. Hakuniuliza hata. Alikuja moja kwa moja, akasimama kando yangu, akashika chuma. Mama wa beseni alikuwa mbele kidogo, amelifunika beseni kichwani kama kofia, na watu wakimtania kwamba leo samaki wamemnunua yeye. Ilala tukapita. Msimbazi ikafika. Kondakta akagonga bati.

"Ndugu Msimbazi, kwako."

Sikusimama. Nilitazama dirishani, maji yakiteremka kwenye kioo, kana kwamba yupo Msimbazi mwingine anayeitwa. Watu wakashuka. Yule bwana alikuwa ameshajibana pembeni ili nipite, na akabaki amejibana.

"Ndugu," akasema taratibu, "umefika."

"Leo nasonga mbele kidogo," nikasema.

Alirudi kushika chuma. Basi likaondoka, na nikasikia jinsi kimya kilivyotembea kutoka kiti mpaka kiti. Mama wa beseni ndiye aliyekivunja. Hakuniangalia, alisema na beseni lake.

"Jamani, Msimbazi imehama?"

Wakacheka. Mmoja nyuma akasema imefuata mvua. Mwingine akasema pengine leo ndugu anakwenda kutoa taarifa makao makuu, na hapo kicheko kikawa kidogo, kisha kikakatika chenyewe. Nililisikia hilo neno, taarifa. Sikulielewa. Nilidhani ananitishia.

Mnazi Mmoja mgambo walikuwa kituoni. Wawili mlango wa mbele, wawili wa nyuma, na lori limeegeshwa chini ya miti, watu kadhaa wamekaa ndani wamejifunika magunia kwa mvua. Abiria waliokuwa wakishuka walianza kutoa vitambulisho kabla hawajaulizwa. Mimi nilikuwa na sindano kwenye ukosi wa shati na kitambaa cha kujifutia. Nikaona nibaki ndani niende mpaka mwisho, lakini mgambo mmoja wa nyuma alikuwa ameshapanda. Alikuwa kijana wa umri wangu, lafudhi yake ya bara kama yangu. Lazima niseme kwamba hakunipigia kelele. Aliuliza kama alivyowauliza wengine.

"Unafanya kazi wapi?"

Nikasema ukweli, kwa mara ya kwanza ndani ya basi lile. Nikasema nafanya Mchafukoge, kwenye ushirika wa mafundi cherehani, niko majaribio, barua bado.

"Bado," akarudia. "Wote barua bado. Unashuka hapa kila siku?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa na maana ya kwamba ndiko ninakotakiwa kushuka. Akageukia watu. "Nani anamjua huyu?"

Nilimtazama mama wa beseni, kwa sababu aliwahi kuniita mwanangu. Alisita, nilimwona akisita. Lakini alikuwa mtu mkweli, na aliulizwa analolijua.

"Mimi namwona," akasema. "Ila huyu si wa hapa. Huyu ni wa Msimbazi."

"Msimbazi kabisa," akasema kondakta. "Mimi mwenyewe namshusha kila siku."

Wengine wakaitikia, Msimbazi, Msimbazi. Hakuna aliyesema uongo hata mmoja. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Basi zima lilinishuhudia kwa haki, na kila shahidi alikuwa akirudisha neno nililompa mwenyewe. Mgambo akanishika mkono juu ya kiwiko.

"Kumbe mwongo," akasema. "Teremka. Lori lile pale."

Ndipo yule bwana wa kalamu akasema. Hakupaza sauti.

"Afande, ngoja. Anashuka Msimbazi, lakini haendi Msimbazi."

Mgambo akamuuliza anajuaje.

"Namwona dirishani. Akishuka anaingia sokoni kama anayekimbiwa na kuku. Sisi basi linasimama pale kupakia, mpaka linaondoka, yeye ameshatokea mbele huku barabara ya Uhuru anatembea upesi. Mara nyingine basi likikawia hapa tunamwona anavuka, anaelekea Mchafukoge. Ni hivyo kila siku. Mimi nilidhani ni mwenzenu."

"Mwenzetu nani?"

"Mwenzenu," akasema yule bwana. "Haongei na mtu, hasemi anakotoka, anasikiliza tu, anashuka pasipo pake. Sisi humu wote tulijua ni mtu wa kazi. Hata sukari tuliacha kuitaja."

Aliyecheka kwanza ni yule mzee wa kanga. Kisha mama wa beseni, mpaka beseni likapiga chuma. Kisha basi. Mgambo mwenyewe alijizuia, lakini nilimwona mdomo. Mimi sikucheka. Nilikuwa najaribu kuelewa kwamba kile kimya chote kilichonizunguka, ambacho niliandika jioni kwa jioni kama ushahidi dhidi yao, kilikuwa ni hofu yao kwangu. Na kwamba nilikuwa sahihi katika jambo moja. Yule bwana alikuwa kweli akinichunguza, kutoka kwenye kiti changu mwenyewe.

Mgambo hakuniachia mkono. Alisema kama kweli ni Mchafukoge basi si mbali, twende tukaone, na kama hakuna ushirika nitajua mwenyewe. Tukashuka kwenye mvua. Nilipogeuka, yule bwana alikuwa ameshakaa. Amejikunjia miguu vizuri, amefumba macho.

Tulimkuta fundi mkuu ndiyo kwanza anatia ufunguo kwenye kufuli. Mwavuli begani, miwani ina maji. Alitugeukia. Mgambo akamsalimu kwa adabu, shikamoo mzee, akaitikia. Kisha mgambo akamuuliza kama ananijua.

Mzee alinitazama kuanzia miguuni, viatu vimejaa tope, akapanda mpaka kwenye ukosi, ambako sindano ilikuwa. Nilijua kwamba kila kitu changu kimesimama pale mlangoni, barua, Buguruni, dada, na lile lori chini ya miti. Nilijua pia kwamba hana deni nami. Mtu aliyechelewa kila siku amempa mzee sababu zote za kusema simjui.

"Ni kijana wangu," akasema. "Mwache apite akatie vifungo, watu wanasubiri nguo zao."

Mgambo akaniachia. Alisema sawa mzee, akaniambia mimi niharakishe hiyo barua, akarudi kwenye mvua. Nilimtazama anavyoondoka, nikafikiri pengine naye alipokuja mjini aliambiwa na shemeji yake jambo.

Ndani, fundi mkuu alivua miwani akaifuta kwa kipande cha kaniki. Aliniuliza nini kimetokea. Nikamweleza yote tangu mwanzo, bibi, shemeji, yule bwana wa kalamu, Msimbazi, sokoni, na kwa nini nilikuwa nachelewa. Sikujua nimweleze vipi bila kuonekana mpumbavu, kwa hiyo nilieleza kama ilivyokuwa. Alisikiliza huku akipitisha uzi kwenye cherehani. Nilipomaliza, akauliza swali moja.

"Sasa kiti alikipata?"

"Nani, mzee?"

"Huyo bwana. Kiti alikipata?"

Nikasema alikipata.

"Basi," akasema. "Anasimama toka Malapa, mtu wa watu. Kwani wewe ulidhani anataka nini?"

Akakanyaga cherehani, ikaanza kulia, na mazungumzo yakaishia hapo. Nilikaa na vifungo vyangu mpaka mchana, nikiyarudia maswali yote niliyoyasikia tangu nimefika mjini. Aliyejibiwa Ilala hubaki amesimama hapo hapo, kwa sababu Ilala ni karibu. Aliyejibiwa mwisho huondoka kwenda kumwinamia mwingine. Dada alikuwa amelisema huku akichagua mchele, na sisi tulimcheka.

Barua ya kazi nilipewa baadaye, si siku ile. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba neno la mzee pale mlangoni lilikuwa uamuzi. Mji ule kila mtu alikuwa mwana wa mtu na ndugu wa mtu, na mzee angeweza kusema kijana wangu kama vile mama wa beseni alivyosema mwanangu, kisha akasema ukweli wake. Nilijiuliza sana. Sikumuuliza yeye, kwa kuwa kuna maswali ambayo mtu akikujibu unakuwa umepoteza kitu.

Shemeji nilimweleza. Akasema inawezekana, lakini mtu wa kiti havai suti ya vile. Nilimwona anajitahidi kuwa mwadilifu, nami nikamwachia nafasi.

Kesho yake yule bwana alipanda Malapa. Suti ilikuwa imekauka na kupigwa pasi upya. Alikuja, akashika chuma, akainama, kana kwamba jana haikuwapo.

"Unashuka wapi, ndugu?"

"Mnazi Mmoja," nikasema.

"Aa," akasema. Akatazama mbele, akatazama nyuma, akaniacha. Alikwenda kumwinamia mwanafunzi mmoja mwenye begi, akamuuliza, akabaki kwake. Hakusimama kando yangu tena tangu siku ile, wala hakunisalimu zaidi ya kutikisa kichwa. Mama wa beseni naye aliendelea kuniita Msimbazi, akasema jina likishazoeleka ni kazi kulihamisha. Mazungumzo ya sukari yakarudi karibu na kiti changu, kidogo kidogo, na wakati mwingine walinigeukia kuniuliza kwetu kusini wananunuaje.

Ninajua sasa lile swali ni la kiti. Nimeliuliza mwenyewe mara nyingi, nikiwa nimesimama, bila salamu, kwa sauti ya chini kama wenzangu. Lakini yule bwana nimemweka upande wake, sijamhukumu wala sijamwachia. Aliniokoa, hilo lazima niliseme. Ila aliona mengi mno kwa mtu aliyetaka kukaa tu, na mtu anayejua mwenzake anatokea kichochoro gani amekuwa akiangalia kwa bidii. Njia nzima ile, asubuhi zote zile, kila nilipofika kwangu na kushuka nilimwacha ndani ya basi. Sikujua ofisi yake ni ipi, wala anafika wapi. Na sikuwahi kumuuliza yeye anashuka wapi, kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa.